Jembe la Tisa la Ndiva ya Irindi

Hapo zamani, asubuhi ya siku ya hamsini na tatu bila mvua, baraza la ndiva ya Irindi lilipiga kura, na maji ya siku ya nne yakateremka Chini kwa mara ya kwanza tangu ndiva ichimbwe. Hayo hayabishaniwi. Walioshuhudia walikuwa wengi, na mahindi yaliyokunywa maji hayo yalivunwa, yakaliwa. Kinachobishaniwa ni nani aliyeyateremsha. Watu wanne wanadai. Nitawaeleza alichofanya kila mmoja, kisha kazi itakuwa yenu.

Kwanza ndiva yenyewe. Ni bwawa lililochimbwa mlimani, kuta zake udongo na mawe. Kijito huingia humo usiku kucha. Alfajiri tundu lake huzibuliwa, maji yakafuata mfereji hadi mashambani. Irindi ilikuwa na ndiva moja na vitongoji viwili. Irindi ya Juu ilikaa jirani na ndiva. Irindi ya Chini ilikuwa mwendo wa saa moja kwenye mteremko. Maji yaligawanywa kwa siku tano tano: siku nne Juu, siku ya tano Chini.

Mwaka wa mvua mgawo huo haukumuumiza mtu. Mwaka wa ukame, siku moja kati ya tano haikutosha kuliweka hai shamba la mahindi. Chini kulikuwa na kaya sabini. Katika miaka saba ya ukame, kaya thelathini na moja zilifunga mizigo zikaenda tambarare kulima mashamba ya watu wengine.

Mgawo wa maji uliamuliwa na baraza. Baraza lilikuwa watu tisa, na kila mtu alikuwa na jembe lake. Majembe sita yalikuwa ya Juu, matatu ya Chini, kwa kuwa waliochimba ndiva walikuwa koo sita za Juu na tatu za Chini. Majembe hayo yalilazwa chini, mstari mmoja, ndani ya ukuta mfupi uliozunguka uwanja wa baraza. Mwenye jembe aliingia ndani ya ukuta. Asiye na jembe alisimama nje, akasikiliza.

Kura ilipigwa kwa kugeuza jembe. Anayekubali huelekeza ubapa wa jembe lake kwenye maji. Anayekataa huuelekeza mlimani. Na kulikuwa na kanuni mbili ambazo kila mtoto wa Irindi alizijua. Kanuni ya kwanza: jembe la mtu haliguswi na mwingine, lisipogeuzwa na mwenyewe, linahesabiwa lilivyolala tangu kura iliyopita. Kanuni ya pili: jembe ni la mikono iliyotoa tope. Kila mwaka, kabla ya kupanda, tope la ndiva lilitolewa kwa siku kumi, na mikono iliyochimba siku zote kumi ndiyo iliyokuwa na kauli mwaka huo. Kanuni hii ya pili hakuna aliyeifikiria sana. Wachimbaji walikuwa walewale kila mwaka.

Basi mwaka wa kwanza wa ukame, watu wa Chini wakaomba siku ya nne. Majembe yakageuzwa. Matatu yakatazama maji, sita yakatazama mlima. Siku ya nne ikabaki Juu.

Mwaka wa pili wa ukame wakaomba tena. Matatu maji, sita mlima. Siku ya nne ikabaki Juu.

Ukame wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Walibadilisha maneno, safari moja walipeleka na mbuzi. Matatu maji, sita mlima. Mbuzi aliliwa.

Ukafika ukame wa nane.

Chini kulikuwa na mwanamke mkulima aitwaye Nakijwa. Mume wake alikuwa ametangulia tambarare kutafuta shamba la kuazima, akamwacha na watoto watatu na mahindi yenye majani manne. Makubaliano yao yalikuwa haya: mwezi ukiandama mahindi yakiwa hai, mume anarudi. Yakinyauka, Nakijwa anafunga mizigo anamfuata, na kaya inakuwa ya thelathini na mbili. Siku ya hamsini na tatu bila mvua, mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili kuandama.

Asubuhi hiyo Nakijwa alipanda mlima, akasimama nje ya ukuta pamoja na wengine. Ndani walikuwa wanane. Mwenyekiti alikuwa Senzighe, mtu wa Juu, mwenye shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji wa Juu. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Mgonja, wa Juu pia. Wenzake walisema anakuja.

Kabla Senzighe hajasoma ombi la Chini, Nakijwa aliomba kuuliza. Senzighe akamjibu kwamba asiye na jembe huuliza baada ya kura. Nakijwa akasema swali lake halihusu maji, linahusu majembe. Senzighe akafikiri, akamruhusu.

"Jembe la Kalaghe," Nakijwa akasema, "mwaka huu lilitoa tope kwa mikono ya nani?"

Kalaghe alikuwa amekaa ndani, wa sita kwenye mstari. Alikuwa mchuuzi wa tangawizi, mcheshi, na alikuwa binamu wa mume wa Nakijwa.

"Shemeji," akasema, "jembe la Kalaghe ni la Kalaghe. Jina umelitaja mwenyewe."

Watu wakacheka.

"Sikuuliza jina, shemeji. Nimeuliza mikono."

Kalaghe akaeleza kwamba siku za tope alikuwa sokoni tambarare na mizigo yake ya tangawizi, jambo ambalo si kosa. Kaya yake haikukosa kuwakilishwa. Tope lilitoka. Mkewe alimshikia tu.

"Alikushikia siku ngapi?"

"Kumi."

"Zote?"

"Siku kumi si nyingi."

"Basi ungezichimba wewe."

Safari hii waliocheka walikuwa wa upande mwingine. Nakijwa alijua jibu kabla ya kuuliza. Wanawake wa Chini ndio waliobeba tope kwa vikapu kutoka ndivani, na mbebaji humwona mchimbaji kuliko mtu yeyote. Wabebaji wanne waliitwa, wakasema walichokiona. Kisha akaitwa mke wa Kalaghe, Namkunda, aliyekuwa amesimama nje na wanawake wa Juu. Akaulizwa kama alichimba. Akasema alichimba. Akaulizwa kama ni siku zote kumi. Akasema siku ya sita mpini ulichomoka, akautia mwenyewe, akaendelea.

Mdogo wake Senzighe, ambaye naye alikuwa na jembe, alisema kanuni ilikusudia wanaume. Senzighe akamwambia airudie kanuni kwa sauti. Akairudia: jembe ni la mikono iliyotoa tope siku kumi. Senzighe akamuuliza neno mwanaume liko wapi hapo.

Kisha mwenyekiti akasema jambo ambalo vijana hawakulijua. Babu yao hakuwa miongoni mwa waliochimba ndiva. Alikuja Irindi mgeni, akachimba tope mahali pa mtu aliyekuwa mgonjwa, na jembe likawa lake.

"Nikiifuta kanuni hii leo kwa ajili ya Namkunda," akasema, "mimi na wewe tutoke naye."

Akamwamuru Kalaghe atoke ndani ya ukuta. Kalaghe akainuka, akapangusa suruali, akapishana na mkewe penye mwanya.

"Haya mama, ingia. Na chakula cha mchana nani anapika?"

"Kipo chunguni tangu asubuhi. Wewe pakua tu."

Namkunda akakaa mbele ya jembe la sita. Hapo wengi wa Juu hawakuona kilichobadilika. Juu walikuwa sita, Juu walibaki sita. Ameondoka mume, ameingia mke, wa nyumba ileile na shamba lilelile. Senzighe naye, kama alivyokiri baadaye, alihesabu hivyo.

Ombi likasomwa: siku tatu Juu, siku mbili Chini, kwa msimu mmoja. Mzee Mrutu, mkubwa wa wajumbe watatu wa Chini, alilisema kwa maneno machache kwa kuwa alikuwa amelisema mara saba. Senzighe akajibu kwa niaba ya Juu, na jibu lake halikuwa la mtu mbaya. Alisema ukuta wa ndiva ukipasuka, nyumba zitakazobebwa ni za Juu, si za Chini. Alisema siku ikishatoka hairudi. Leo wataomba ya nne, mwakani ya tatu. Alisema maji yasiyotosha watu wawili yakigawanywa sawa, wote wawili wanaweza kukosa.

Kisha Namkunda akaomba kusema. Hakukuwa na kanuni ya kumzuia.

Alisema wanaume wa Juu hufungua maji asubuhi, wakaenda zao. Wanaobaki shambani kuyaongoza kwa jembe ni wanawake. Siku ya kwanza ardhi inakunywa. Siku ya pili inakunywa. Siku ya tatu inakunywa kidogo. Siku ya nne haitaki tena. Maji yanasimama kati ya mistari na mahindi yanageuka njano shinani.

"Kwa hiyo siku ya nne natoboa tuta," akasema, "nayaachia yaende gengeni, kwenye korongo, yapotee bure. Nimefanya hivyo tangu nilipoolewa. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha."

Senzighe akamuuliza kama ni yeye peke yake. Namkunda akageuka kuwatazama wanawake wa Juu waliokuwa nje ya ukuta. Mmoja akasema hata kwake ni hivyo. Mwingine akasema, na kwangu. Mke wa Senzighe mwenyewe alikuwepo. Hakusema kitu, wala hakukana.

"Miaka yote hii mbona hamkusema?" Senzighe akauliza.

"Tungesema tukiwa wapi, baba?" Namkunda akasema.

Ndipo mwenyekiti akatangaza kura.

Kumbukeni kura iliyotangulia. Ilikuwa ya kuzuia mbuzi wasipande ukuta wa ndiva. Kila mtu alikubali, na majembe yote tisa yalikuwa bado yametazama maji. Wa Chini watatu hawakuwa na haja ya kugeuza. Senzighe akageuza lake likatazama mlima. Mdogo wake akageuza. Wajumbe wengine wawili wa Juu wakageuza. Namkunda alikaa na mikono mapajani. Hakugeuza.

Majembe manne mlimani. Majembe manne majini. Na jembe la Mgonja, ambaye hakuwa amefika, lilikuwa limelala na ubapa kwenye maji.

Mjumbe mmoja wa Juu akasema wamsubiri. Wakamsubiri. Akatumwa mtu nyumbani kwake, si mbali. Akarudi na jibu kwamba Mgonja amelala, tumbo linamuuma, hawezi kutembea. Mdogo wake Senzighe akasema basi wamgeuzie, kwa kuwa kila mtu anajua Mgonja angekataa. Mara saba amekataa. Akainama kulishika jembe.

"Acha," Senzighe akasema. "La mtu haliguswi."

"Kaka, tutashindwa."

"Nimeshahesabu."

Akatangaza: matano maji, manne mlima. Siku hiyo ilikuwa siku ya nne. Watu wa Juu walikuwa tayari na mfereji wao. Senzighe angeweza kusema sheria ianze mzunguko ujao, na hakuna ambaye angepinga. Hakusema hivyo. Alikunja suruali, akaingia kwenye tope hadi magotini, akaufunga mlango wa mfereji wa Juu kwa mawe, akaufungua wa Chini. Maji yakafika shamba la Nakijwa kabla ya adhuhuri.

Mwezi ulipoandama, mahindi ya Nakijwa yalikuwa hai na mume wake alirudi. Kaya zote thelathini na tisa zilizokuwa zimebaki Chini zilivuna. Hakuna iliyohama. Juu nako walivuna, karibu sawa na ukame uliopita, isipokuwa mashamba ya mwisho wa mfereji. La Senzighe lilikuwa mojawapo. Lilipungua vikapu vitano. Namkunda alivuna peke yake kwa siku kumi na moja, maana ndugu wa mume walikataa kumsaidia. Kalaghe alimsaidia siku tatu zilizobaki, akilalamika. Mgonja alipona tumbo jioni ileile. Kaka zake hawakumsemesha hadi mavuno.

Msimu ukaisha, na sheria ya siku ya nne ikaisha nayo, kwa kuwa kila uamuzi wa maji ulikuwa wa msimu mmoja. Kura mpya ingepigwa baada ya kutoa tope.

Kabla ya hapo, mzee Mrutu wa Chini akafariki. Akazikwa. Jembe lake likabaki bila mwenyewe.

Irindi walikuwa na desturi juu ya jembe la marehemu. Halirithiwi na mwanawe. Wala haliamuliwi na baraza. Mjane hulitoa nje ya ukuta, akalilaza mbele ya wasio na majembe, na hao ndio wanaomchagua wa kulichukua. Nao huambiwa neno moja tu: mpeni aliyeifanyia ndiva jambo kubwa kuliko wote mwaka huu. Ikiwa mtu huyo ana jembe tayari, humkabidhi mmoja wa nyumba yake.

Siku ikafika. Mjane wa Mrutu akalitoa jembe. Watu wakauliza nani anadai.

Nakijwa akasimama wa kwanza. Alisema miaka saba Chini waliomba maji, na miaka saba hawakupata, kwa sababu waliokuwa wakiombwa walikuwa walewale. Yeye hakuomba maji. Aliuliza nani amekaa ndani ya ukuta na kwa haki gani.

"Mimi sikugeuza jembe hata moja," akasema. "Nilibadilisha mtu aliyekaa mbele yake. Bila hilo ingekuwa matatu na sita mpaka leo, nami ningekuwa tambarare."

Na akaongeza kwamba jembe lile lilikuwa la Chini. Likienda Juu, Chini watabaki wawili.

Namkunda akasimama wa pili. Alisema Nakijwa alimwingiza ndani, na anamshukuru, lakini hakumwambia aseme nini wala akae vipi. Angeweza kuwa Kalaghe mwenye kilemba cha kike, akageuza kama mumewe angegeuza. Nakijwa mwenyewe hakujua habari ya maji ya gengeni.

"Yeye alikuwa anatafuta maji ya kwake, na hiyo ni haki yake," akasema. "Mimi nilitoa ya kwangu. Shemeji zangu hawajanisalimu tangu siku ile. Jembe hili nikipewa, nalikabidhi kwa mama mkwe wangu, maana kule ndani mwanamke mmoja ni kama mgeni."

Kutoka nyuma Kalaghe akauliza kama watabakiwa na mtu wa kupakua. Watu wakacheka, naye Namkunda akacheka kidogo, akakaa.

Mgonja akasimama wa tatu. Alisimama taratibu, akijua kinachokuja.

"Tumbo lako halijambo?" mtu akauliza.

"Halijambo. Na siku ile pia lilikuwa halijambo."

Akaeleza. Usiku uliotangulia kura, mkewe alimwambia habari ya siku ya nne na maji ya gengeni. Hakupata usingizi. Alijua akiingia ndani ya ukuta, kaka zake watamtazama kutoka nje na atageuza jembe lake mlimani kama kila mwaka. Alijijua hivyo. Alijua pia limelala vipi. Basi akabaki kitandani.

"Watu wanasifu waliosema," akasema. "Hesabuni. Nakijwa na Namkunda wote wawili walileta manne. La tano lilikuwa langu."

Mjumbe mmoja wa Juu akamjibu kwamba anajipa sifa ya ugonjwa. Akaitwa mke wa Mgonja. Alisema habari ya maji ya gengeni kweli alimwambia mumewe usiku ule. Alisema pia asubuhi yake alimpikia uji wa mtama, akaunywa nusu, akajikunja. Kama alijikunja kwa maumivu au kwa mawazo, hakuweza kusema. Hilo halijathibitishwa mpaka leo, nami siwezi kuwathibitishia.

Senzighe akasimama wa mwisho. Watu hawakutarajia. Kuna walioguna.

Alisema hakuunga mkono sheria ile na bado haungi. Kura mpya ikija, atageuza jembe lake mlimani kama mara ya kwanza. Hakutaka mtu adanganyike. Lakini waliulizwa nani ameifanyia ndiva jambo kubwa, hawakuulizwa nani anawapendeza.

"Nakijwa aliuliza, na mimi ndiye niliyemruhusu. Namkunda aliingia, na mimi ndiye niliyemtoa mumewe. Mgonja alilala, na mimi ndiye niliyezuia jembe lake lisiguswe. Mara tatu ningeweza kusema hapana, na mara tatu ilikuwa faida yangu kusema hapana. Kisha nikaufungua mfereji kwa mikono hii. Wenzangu watatu hawa walifanya wanachokitaka. Mimi nilifanya nisichokitaka, kwa sababu ndio hesabu ilivyotoka. Baraza lisilo na mtu wa namna hiyo, mtaingiza humo wanawake kumi na bado maji hayatashuka."

Nakijwa akamuuliza, kama akipewa jembe, atamkabidhi nani. Senzighe akasema atamkabidhi mwanawe wa kwanza. Nakijwa akamuuliza mwanawe atageuza vipi. Senzighe akajibu kwamba mwanawe ana akili yake, ila asingependa kumdanganya: angegeuza mlimani.

Hapo watu wa nje ya ukuta wakaanza kuhesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Ndani walikuwa wamebaki wanane. Wawili wa Chini na Namkunda wangetazama maji. Hao ni watatu. Senzighe, mdogo wake na wenzao wawili wangetazama mlima. Hao ni wanne. Mgonja alikuwa katikati, na majembe yote yalikuwa yametazama maji tangu kura ndogo ya kuziba nyufa, lakini safari hii kaka zake walikuwa wameapa kumbeba hata na kitanda.

Akipewa Nakijwa, ni wanne kwa wanne, na sheria inamngoja Mgonja. Akipewa Namkunda, ni hivyohivyo, ila Chini wamebaki na viti viwili na nyumba ya Namkunda imepata viwili. Akipewa Mgonja, nyumba moja yenye mtu asiyejulikana atageuza vipi inashika majembe mawili, na maji ya vitongoji vyote viwili yanakuwa mkononi mwake. Akipewa Senzighe, wa mlimani wanakuwa watano. Siku ya nne inarudi Juu, hata Mgonja alale kitandani mwezi mzima.

Mtu mmoja wa Chini akasema basi jibu liko wazi: anayestahili ni yule atakayetuletea maji. Mjane wa Mrutu akamkatiza. Alisema mumewe aliomba siku ya nne mara nane, na mara saba alishindwa na watu waliochagua kwa kuangalia shamba lao tu. Desturi inasema mpeni aliyefanya, haisemi mpeni atakayefanya.

Mwanamke aliyekuwa karibu yake, mama wa watoto wanne wa Chini, akamjibu kwa upole kwamba amemsikia, na kwamba watoto wake hawanywi desturi.

Mjane alilaza jembe chini, kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua tatu kama inavyotakiwa. Waliosimama nje ya ukuta wa Irindi siku hiyo walikuwa mia na arobaini. Wote walilitazama jembe. Ndani ya ukuta wajumbe wanane walingoja, maana kwa jambo hili hawakuwa na kauli.

Taarifa niliyonayo inaishia hapo.

Nyinyi mlionisikiliza si mia na arobaini, lakini na nyinyi hamna majembe. Mmemsikia aliyebadilisha wakaaji, aliyekaa akasema, aliyekosekana, na aliyeshindwa akatii. Jembe liko kwenye nyasi na tope linaanza kutolewa kesho. Je, mngelikabidhi mkononi mwa nani?